Age of Empires: Wingi wa Mataifa Si Kipimo

Kati ya michezo ya kompyuta, Age of Empires II ya 1999 husifiwa kuwa bora kuliko Age of Empires IV ya 2021 kwa kuwa ina mataifa mengi zaidi. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika mchezo wa zamani karibu mataifa yote hujenga majengo yale yale. Yanatofautiana kwa nafuu za gharama na askari wachache wa pekee. Wamali wa mchezo mpya, walioongezwa 2022, wana uchumi wao: migodi huwapa dhahabu kidogo kidogo bila kusubiri mchimbaji. Mchezaji analazimika kupanga upya.

Kasoro kubwa ni ya michezo yote miwili. Rasilimali ni chakula, mbao, dhahabu na mawe, chuma hakimo. Ufipa, nchini Tanzania, inaonyesha kilichoachwa. Kwenye uwanda wa Sumbawanga na Nkasi mafundi walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi. Mawe ya chuma na makaa yalijazwa ndani, hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo la mivukuto, kikafuliwa majembe. Kazi yote hiyo, mchezo mpya bado unaifanya kitufe tu katika karakana ya mhunzi.