Kisia bendi: mchezo uliomfungua babu kinywa

Mzazi mwenzangu, likizo ya Juni niliwapeleka watoto Msanzi kwa baba yangu. Wanaoijua Ufipa wanajua Juni huko ni mwezi gani. Baridi inauma masikio, mahindi yamejaa yakingoja kupukuchuliwa, na jua likizama kila mtu anasogea jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto.

Kazi ya kupukuchua inataka mazungumzo, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu. Alikaa pembeni na simu yake na vidude vya masikioni. Babu yake alikaa upande wa pili na redio yake ndogo. Katikati yao kulikuwa na gunia la magunzi. Walishasalimiana asubuhi, "Shikamoo babu", "Marahaba", wakamaliza.

Mambo yalibadilika kwa bahati. Siku ya pili redio ya mzee iliishiwa betri wimbo wa zilipendwa ukiwa katikati. Mzee akasonya. Kijana akatoa vidude masikioni, akauliza, "Babu, ulikuwa wimbo wa nani huo?" Mzee akataja bendi bila kufikiri. Kijana akaupata kwenye simu, akakuta babu kasema kweli. Akatafuta mwingine, akaficha kioo cha simu, akaupiga. Babu akapata tena. Wa tatu akapata. Wa nne akakosa, na hapo ndipo mchezo uliponoga, kwa sababu mzee alikataa kwamba amekosa.

Kuanzia jioni ile tulikuwa na mtihani kila siku.

Sikio na jina

Kwanza niseme kitu kwa wazazi vijana. Mtoto akisikia Morogoro Jazz au Tabora Jazz anaweza kudhani ni jazi ya Wamarekani. Kwetu neno hilo lilikuwa jina la bendi ya dansi, lenye gitaa, ngoma, tarumbeta na saksafoni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, miaka mingi kabla ya uhuru. Baadaye kila mji mkubwa ulikuwa na zake, na kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, Maquis wakaja na Kamanyola, Mlimani Park wakaja na Sikinde.

Mtu angedhani basi kukisia ni rahisi. Si rahisi hata kidogo, kwa sababu wanamuziki walikuwa wanahama. Chukua Muhidin Gurumo. Miaka ya sitini alikuwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Kwa hiyo ukiitambua sauti yake umemjua mwimbaji, bado hujaijua bendi. Na bendi yenyewe nayo ilibadilisha majina: NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mwanangu alipong'amua hilo alishangaa, akasema, "Kumbe ni kama wachezaji wa mpira siku ya usajili."

Baba alikuwa na njia zake. Alisikiliza kwanza gitaa la solo, kisha la kati, ndipo akasikiliza mwimbaji. Mbaraka Mwinshehe hakuhitaji hata nusu dakika. Mzee alisema gitaa lake linaongea kabla yeye hajafungua kinywa. Cuban Marimba ya Salum Abdallah aliitambua kwa mwendo wake wa Kikuba. Pia alikuwa anangoja kwa ujanja. Bendi nyingi zilikuwa na tabia ya kujitaja zenyewe ndani ya wimbo, zikitaja jina au mtindo. Kijana alipogundua kwamba babu anasubiri watajwe, akaanza kukata wimbo kabla ya hapo. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikukumbuka lini nilimsikia akicheka hivyo.

Mtihani wa namna hii si mgeni duniani. Mwaka 1946 huko Marekani mwandishi Leonard Feather alianza kuwapigia wanamuziki maarufu santuri bila kuwaambia ni za nani, kisha akaandika maoni yao gazetini. Wa kwanza alikuwa mpiga piano Mary Lou Williams. Mwaka 1951 aliketi na mpiga tarumbeta Roy Eldridge, aliyekuwa ameshikilia kwamba kwa kusikia tu anaweza kumtofautisha mwanamuziki mweusi na mweupe. Santuri zikapigwa. Eldridge alikosea mara nyingi, akakubali mwenyewe kwamba ameshindwa.

Nilipowasimulia hilo jikoni, mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Macho yanadanganya masikio." Nililiweka neno hilo, na siku mbili baadaye likanirudia.

Simu ilisema hivi, babu akasema vile

Jioni ya tano kijana alipiga wimbo wa zamani sana, umejaa mikwaruzo. Baba akasema, "Hao Jamhuri, wa Tanga." Kijana akageuza simu. Iliandikwa Atomic Jazz, nao wa Tanga, mahasimu wao.

"Umekosa babu."

"Simu yako ndiyo imekosa."

Kijana akacheka. Mimi nikaingilia kati nikasema, baba, imeandikwa hapa. Mzee akaweka gunzi chini. Akasema polepole, "Aliyeandika hapo alikuwepo? Mimi nilikuwepo."

Mzazi mwenzangu, nina umri wa kuwa na mtoto wa sekondari, lakini sikuwa nimewahi kusikia kwamba baba yangu aliishi Tanga.

Basi akasimulia. Mwishoni mwa miaka ya sitini alikwenda kukata mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Ufipa. Nyumbani walimtuma kwa jambo moja: arudi na fedha za ng'ombe. Kule kipande kikijaa unalipwa. Na kila alipolipwa alishuka mjini. Jamhuri Jazz, waliokuwa wakiitwa Young Nyamwezi hapo kabla, walipiga leo. Atomic wakapiga kesho. Alilipa kiingilio, akanunua shati, akanunulia watu bia. Miaka mitatu ikapita.

"Nilirudi na shati mbili na redio isiyo na betri," alisema. "Mama yangu hakunigombeza. Aliuliza tu, ng'ombe wako wapi? Akafa bila kuuliza tena."

Hakuna aliyesema neno. Kijana alizima wimbo.

Mimi nilikuwa nafikiria mambo mengine kabisa. Nikiwa darasa la tano nilichapwa na baba huyu kwa sababu alinikuta naimba wimbo wa dansi huku natwanga. Nilichapwa nikaambiwa muziki ni uhuni, na kwamba nyumba hii haitaki muziki. Miaka yote niliamini baba haupendi muziki. Kumbe aliupenda kupita kiasi, na aliuogopa kwa niaba yetu.

Na kuna la pili. Wiki tatu kabla ya likizo mwanangu aliniomba gitaa. Nilimjibu haraka sana kwamba muziki ni uhuni, akazanie masomo. Maneno yalitoka kinywani mwangu kama niliyoyakariri. Sasa nimejua niliyakariri wapi, na yalianzia wapi: kwenye ukumbi wa dansi Tanga, kabla mimi sijazaliwa.

Mtihani wa mwisho

Jioni ya kuamkia safari kijana akasema ana wimbo mmoja wa mwisho. Lilikuwa gitaa peke yake. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyu si wa bendi," akasema. "Bado anajifunza. Anakimbia, hasubiri ngoma. Lakini vidole anavyo. Na hajaiga mtu. Ni nani?"

Kijana hakujibu. Akainamia mahindi. Ikabidi mdogo wake aseme, "Ni kaka. Anapiga gitaa la kwaya kanisani."

Nilipata aibu ambayo sijui niiandikeje. Miezi yote ile nilidhani Jumamosi yuko kwaya anaimba. Sikuwahi kuuliza anafanya nini huko.

Fikiria: kama angesema mapema "babu, sikiliza ninavyopiga", mzee angesema nini? Ama angemsifu kwa sababu ni mjukuu, ama angemkataza kwa sababu ya Tanga. Mimi ningemkataza kwa sababu ya baba. Kwa kuwa hatukujua ni nani, tulimsikia. Alipewa kasoro yake na sifa yake, zote mbili za haki. Ni mara ngapi watoto wetu wanahukumiwa kabla hawajasikilizwa, kwa sababu tunajua ni mtoto wa nani, alipata ngapi muhula uliopita, na amevaa suruali ya namna gani?

Sisemi gitaa ni salama. Baba mwenyewe hasemi hivyo. Asubuhi wakati tunaaga alimwita kijana pembeni, lakini alisema kwa sauti ya kutosha mimi nisikie: "Piga. Ila fedha ya mtu aliyekutuma, ifikishe kwanza." Hilo ndilo fundisho alilolilipia miaka mitatu, na siku zote zile alikuwa anatupa sisi marufuku badala ya fundisho.

Ukitaka kuujaribu nyumbani

Hauhitaji fedha, ila una masharti machache niliyojifunza.

Ficha kioo cha simu. Mtu akiona jina tu, mchezo umekwisha, atasifu jina.

Piga dakika moja, kisha zima kabla bendi haijajitaja. Anayekisia aseme pia kwa nini. Jibu bila sababu ni bahati nasibu, na mazungumzo yote yamo kwenye sababu.

Badilishaneni zamu. Jioni moja babu akisie nyimbo za zamani, jioni nyingine akisie za vijana. Baba yangu alisema wimbo mmoja wa Bongo Fleva una mpangilio mzuri wa sauti, na hakuamini alipoambiwa ni wa nani, kwa sababu mwimbaji huyo alishamuona kwenye televisheni akamchukia kwa nywele zake.

Usiiamini simu kama msahafu. Nyimbo nyingi za zamani zimewekwa na watu waliobahatisha jina. Mzee akibisha, usimkatishe. Muulize alikuwa wapi alipousikia wimbo huo mara ya kwanza. Swali hilo ndilo lililonipa mimi miaka mitatu ya maisha ya baba yangu.

Na mtu akikosea, msimcheke sana. Roy Eldridge alikosea, na alibaki kuwa Roy Eldridge.

Mpaka leo sijajua kama ule wimbo ulikuwa wa Jamhuri au wa Atomic. Mwanangu ameamua ni wa Jamhuri, amebadilisha jina kwenye simu yake. Mimi nimeanza kuweka akiba ya gitaa, kidogo kidogo, na nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia kwamba matokeo ya mtihani wa muhula nataka kuyaona. Amesema nimeanza kukimbia, sisubiri ngoma.

Tukutane wiki ijayo.