Vitamini kwa samaki haitoshi

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, changu na tafi wa baharini bado ndio wanaosifiwa mezani. Hata hivyo, siku hizi kisiwani wanauzwa pia tilapia waliofugwa kwenye vidimbwi. Kidimbwi kikiwa karibu na shamba linalonyunyiziwa dawa za kuulia wadudu, mvua inaponyesha maji huzibeba dawa hizo hadi kwa samaki.

Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba vitamini C na E zikichanganywa katika chakula cha samaki humsaidia kustahimili sumu hiyo. Nyingi ya dawa hizo huzusha mwilini kemikali kali zinazoharibu ini na matamvua, nazo vitamini hizi huzipunguza makali. Tilapia, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Sharti aipate katika chakula.

Hiyo ni habari njema kwa mfugaji, lakini mlaji asiridhike upesi. Samaki wakifa kidimbwini, mfugaji hujua kwamba maji yameharibika. Wakinusurika kwa vitamini, huja sokoni wakionekana wazima, ilhali sumu yaweza kuwa imebaki katika nyama. Sumu za jamii ya DDT hujikusanya katika mafuta na hudumu kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1999, Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa dawa za wadudu. Mlaji wa Ulaya alilindwa. Je, mlaji anayenunua samaki Marikiti analindwa na nani?

Maoni yangu ni kwamba serikali inapaswa kuwapima samaki wa kufugwa kabla hawajafika sokoni, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Wafugaji nao wachimbe vidimbwi mbali na mashamba yenye dawa, na wazuie maji ya mvua yasiingie.

Nawe mnunuzi, uliza samaki wametoka wapi. Toa matumbo, na uondoe ngozi na mafuta. Usidanganyike kwamba ndimu na ukwaju vitakuokoa, kwani hivyo hukata shombo tu. Samaki ni chakula bora na hatuna sababu ya kumsusia, bali tudai afugwe katika maji safi. Kinga ni bora kuliko tiba.