Dawa ya Kupe Si ya Kuogesha Mtoto



Asubuhi moja mama mmoja wa skimu yetu aliingia ofisini akishika chupa tupu ya soda. Aliomba nimtilie dawa ya kupe kidogo. Nikamwuliza ana ng'ombe wangapi. Akajibu kwa sauti ya chini, "Si ya ng'ombe, karani. Ni ya watoto. Hawalali kwa kujikuna."

Sikumlaumu, maana si yeye peke yake aliyewaza hivyo. Lakini sikumpa, na sababu ni hii. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo ni sumu inayopenya ngozi ya binadamu, na ngozi iliyochubuka kwa kukunwa huipitisha upesi zaidi. Mtoto aliyepakwa huweza kutokwa na jasho na mate mengi, kutapika, kushindwa kupumua, hata kufa. Ikiwa mtu amekwisha kupakwa, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, kisha mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa hiyo.

Neno langu la pili litawauma wengine. Sisi wakulima hutazama ngozi ya ng'ombe kuliko ngozi ya mtoto. Ng'ombe akijisugua mtini, tunamfunga, tunatazama masikio, tunainua mkia. Mtoto akijikuna, tunasema, "Ni mbu," basi. Tumtazame naye, tukiuliza maswali matatu: Anawashwa wapi? Wakati gani? Nani mwingine nyumbani anajikuna?

Vipele vikijaa miguuni chini ya magoti, shukuni viroboto. Tazameni mbwa, na kuku wanaolala ndani ya nyumba. Vikionekana asubuhi kwa mstari shingoni na mikononi, fungueni kitanda mtafute kunguni katika viungo vya mbao na mishono ya godoro. Mwasho ukizidi usiku, kati ya vidole, vifundoni mwa mikono na kiunoni, na watu kadhaa wa nyumba wakajikuna, huenda ni upele, yaani vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi. Tena kuna alama nyekundu yenye malengelenge, iunguzayo kama moto. Hiyo yatoka kwa mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi aitwaye nzi wa Nairobi, aliyesumbua wengi katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Huyo haumi. Sumu yake hutoka akipondwa. Mpeperushe kwa pumzi; na ukiwa umemponda, osha mahali hapo kwa sabuni mara moja.

Kwa kuumwa na wadudu wa kawaida, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, paka kalamini, na mkate mtoto kucha. Lakini msimalize kazi kwenye ngozi huku mdudu angali kitandani. Kidonda kikitoa usaha au homa ikianza, nendeni kituo cha afya. Uso ukivimba au pumzi ikibana, msingoje hata saa moja.

Yule mama alikwenda kituo cha afya, wakaona ni upele. Dawa ya upele hupakwa watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyejikuna, kwa sababu mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa. Nguo na matandiko hufuliwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, na dawa hurudiwa kama mganga alivyoagiza. Mwasho huweza kuendelea wiki 2 au zaidi baada ya vijidudu kufa. Msiongeze dawa kwa pupa.

Baadaye aliniambia kwamba miezi miwili aliona haya kwenda, akiogopa kuitwa mchafu. Hapo ndipo penye kosa letu sote. Upele hushika hata mtu aogaye kila siku, na kunguni husafiri ndani ya mfuko wa mgeni yeyote. Tukiwacheka jirani zetu, watajificha, na wakijificha watarudi kwenye chupa ya dawa ya kupe. Mficha maradhi kilio humfichua. Kilio hicho kisiwe cha mtoto.