Mkaguzi wa Maji Atuulize na Sisi



Kila mmoja wetu aliyekaa kiwandani au shambani kwa muda anaijua siku ya mkaguzi. Habari zake hufika kabla yake. Jana yake nyapara hututoa kwenye kazi zetu na kutugawia mafagio. Mfereji unazolewa matope, mapipa yanayovuja yanafichwa nyuma ya ghala, na kibao cha HATARI kinapakwa rangi mpya. Asubuhi gari la Serikali linaingia langoni. Wageni wanapokelewa ofisini, wanatembezwa upande ule ulio safi, wanajaza maji katika chupa, wanatia sahihi na kuondoka. Sisi tupo kwenye mashine zetu, wala hakuna anayetuuliza neno. Usiku, zamu ya pili inaamriwa kufungua bomba lile lile, na maji meusi yanashuka mtoni kama kawaida.

Hatusemi kwamba wakaguzi wote ni wabaya. Wengi wanafanya kazi ngumu, na wilaya wanazozitazama ni kubwa. Tunachosema ni hiki: ukaguzi usiomwuliza mfanyakazi ni nusu ya ukaguzi.

Tusidanganywe kwamba nchi haina sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za maji za mwaka 1998 zinamtaka anayevuta maji kwa pampu ya mota awe na kibali, na anayemwaga maji machafu awe na kibali kingine. Kanuni za mwaka 1999 ziliweka hata tarakimu: maji yanayotoka kiwandani yasizidi joto la nyuzi 35, na ukali wake uwe kati ya 6 na 8 katika kipimo cha asidi. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020. Usimamizi wa maji umegawanywa katika kanda nne, yaani Victoria, Kyoga, Albert na Nile ya Juu, ili ofisi iwe karibu na mto unaoangaliwa. Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, nayo ina wakaguzi wake.

Kwa hiyo sheria ipo. Pengo liko baina ya karatasi iliyo ofisini na bomba lililo nyuma ya kiwanda. Na katika pengo hilo anasimama nani? Ni sisi. Anayewasha pampu alfajiri ni mfanyakazi. Anayesoma mita na kuandika daftarini ni mfanyakazi, naye ndiye anayejua siku mita ilipoharibika na pampu ikaendelea kuvuta. Anayechanganya dawa za mashambani na kuosha mapipa yake ni mfanyakazi. Mkaguzi huja mara chache kwa mwaka, lakini sisi tupo pale siku zote, mchana na usiku.

Tena maji hayo ni yetu. Kambi za wafanyakazi kwa kawaida hazijengwi juu ya kilima, kwenye nyumba ya maneja. Zinajengwa bondeni, chini ya bomba. Mwenye shamba akivuta kupita kibali chake wakati wa kiangazi, kijito chetu ndicho kinachokauka kwanza. Mtoto wa kibarua ndiye anayeoga katika maji yaliyopita kiwandani.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuonyeshwa kwa msiba. Wala hatuzungumzi habari za kale: ilikuwa usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba moja kubwa lilipopasuka na maji yakazoa nyumba zilizokuwa chini yake. Walikufa watu wasiopungua 47, wakiwamo watoto. Baada ya msiba, maofisa wa maji walieleza kwamba mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Baada ya msiba! Bwawa si sindano ya kufichika mfukoni. Waliolichimba waliliona, na waliolala chini yake waliliona kila siku. Aliyekosekana ni mtu wa kuwauliza mapema na kuyafanyia kazi majibu yao.

Sasa tuseme wazi jambo linalotufunga midomo. Waajiri wanatuambia: “Mkisema, kiwanda kitafungwa, na ninyi ndio mtakaolala njaa.” Ndugu, hofu hii si ya kuchekwa. Kiwanda kikifungwa kwa amri ya mazingira, maneja huendelea kupata mshahara, na kibarua wa siku hurudishwa nyumbani mikono mitupu. Tunawajua waliokutwa na hayo. Lakini tufikiri vizuri. Kiwanda hakifungwi kwa sababu mfanyakazi alisema mapema kwamba bomba linavuja. Kinafungwa kwa sababu uvujaji uliachwa mpaka samaki wakafa na kijiji kikapiga kelele. Kosa dogo likitajwa leo hutengenezwa kwa wiki moja. Tukinyamaza, tunazidisha hatari ya kupoteza kazi na maji kwa pamoja.

Kwa hiyo tunaona chama chetu kidai mambo manne.

Kwanza, vibali vya maji vibandikwe langoni, kwa lugha tunazozisoma, vikionyesha kiasi kinachoruhusiwa kuvutwa. Kando yake ibandikwe hesabu ya mita ya kila mwezi.

Pili, mkaguzi asiondoke kabla ya kukutana na mjumbe wa wafanyakazi bila maneja kuwapo. Na safari nyingine aje bila taarifa, aje na usiku.

Tatu, kamati za usalama zilizotajwa katika sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 zitie habari za maji katika kila mkutano. Mahali ambapo kamati ni jina tu, tuifufue.

Nne, mikataba yetu ya pamoja iseme kwamba kiwanda kikifungwa kwa kosa la mwajiri, mishahara iendelee, ya vibarua pia, na kwamba asiadhibiwe mtu kwa kusema kweli. Sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda watoa habari inaitaja NEMA miongoni mwa ofisi zinazoweza kupelekewa habari za uvunjaji wa sheria. Wajumbe waisome sheria hiyo na kuieleza matawini, maana haki usiyoijua haikusaidii.

Mtu mmoja akisema, huitwa mchochezi na hupewa barua ya kuachishwa kazi. Tawi zima likisema, huwa ni hoja ya mezani. Basi mkaguzi ajaye asitukute na mafagio tu. Atukute na daftari letu, lenye tarehe na saa, na mjumbe wetu aliye tayari kulisoma.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.