Kura ya Waingereza kuhusu kifo yatuhusu nasi

Juni 20, 2025, wabunge wa Uingereza walipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 mswada wa Kim Leadbeater. Mswada huo, unaohusu England na Wales, unaruhusu mgonjwa mtu mzima anayekisiwa kubakiwa na muda usiozidi miezi sita asaidiwe kufa akitaka mwenyewe.

Wanaoutetea husema ndiyo matakwa ya raia, na ni kweli kwamba kura za maoni zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa Waingereza wengi wanataka sheria ya 1961 ibadilishwe. Lakini mimi natazama hesabu nyingine. Novemba 2024 mswada huo ulipita kwa tofauti ya kura 55. Baada ya miezi saba ya kuchambua vifungu, ambapo idhini ya jaji wa Mahakama Kuu iliondolewa na kuwekwa jopo la wataalamu, tofauti ilishuka hadi 23.

Sishangai. Ukimuuliza mtu kama anayeteseka asaidiwe, nani atakataa? Swali hilo halisemi kama mgonjwa amepata dawa ya maumivu, kama ana wa kumuuguza, au kama ameomba kufa kwa kuwa anajiona mzigo kwa wanawe.

Hapa Kenya, kifungu cha 225 cha Sheria ya Adhabu, tuliyorithi kwa mkoloni, chaweza kumfunga maisha anayemsaidia mwenziwe kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua. Cha 225 kingalipo, nami naunga mkono kibaki.

Sisi Waislamu twajua roho ni amana. Lakini kusema ni haramu kisha tukaenda zetu hakumfai mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha. Mofini ya maji si dawa ghali, ila hospisi ni chache, na wa visiwani au vijijini huzisikia tu.

Afya sasa iko mikononi mwa kaunti. Basi kabla mjadala wa Waingereza haujabisha hodi kwetu, tuwaulize magavana wetu: katika bajeti ya mwaka huu, mofini na wauguzi wa kuwafuata wagonjwa majumbani vimetengewa shilingi ngapi? Anayepinga mgonjwa asaidiwe kufa ana wajibu wa kumsaidia kuishi siku zilizobaki bila mateso.