Watalii wanapita, Kilosa tunabaki na vumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi, nalo ni utalii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kisanga, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Sisi ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na ninayoyasema hapa si ya kusikia redioni bali ni ya kuona kwa macho.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kwa zaidi ya miaka 60 wageni wamekuwa wakija. Swali langu kwa wananchi wenzangu na kwa viongozi wetu ni hili: je, mwenyeji amepona?

Tutazame kwanza hali ilivyo. Mikumi ina bahati ambayo hifadhi nyingine hazina. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatisha katikati ya hifadhi kwa kiasi cha kilomita 50. Abiria wa basi huona swala, twiga na hata tembo kupitia dirishani bila kulipa senti. Kutoka Dar es Salaam hadi hifadhini hazifiki kilomita 300. Wapo pia watalii wanaoletwa kwa ndege ndogo asubuhi kutoka Zanzibar na kurudishwa jioni ile ile. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ni mojawapo ya stesheni zake.

Kwa hiyo tatizo letu si njia. Tatizo ni kwamba wageni wanapita tu. Mtalii wa siku moja huja na chakula chake ndani ya sanduku, na mwongozaji wake, na maji yake ya chupa. Akishapiga picha ya simba anageuza gari. Sisi wa vijijini tunabaki na vumbi, na usiku tunabaki na tembo katika shamba la mahindi.

Naelewa kwamba kiingilio cha hifadhi ni mapato ya Taifa, nayo huturudia kwa njia ya madarasa, zahanati na barabara. Hilo si dogo wala silibezi. Lakini mama anayefuma mikeka ya ukindu, kijana anayetengeneza baiskeli na mkulima wa mpunga hawawezi kukaa wakingoja fungu la bajeti. Wao watapona siku mgeni atakaposimama, akashuka garini, akala, akanunua, akalala.

Wapo wanaosema tungoje wafadhili. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliokusudiwa kukuza utalii wa kusini katika Mikumi, Udzungwa, Ruaha na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Mwaka 2024 benki hiyo ikasimamisha utoaji wa fedha kufuatia malalamiko yaliyohusu wananchi waishio kando ya Ruaha. Sitaki kuingia katika kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba ukiegemea mlango wa jirani, siku akiufungua utaanguka. Yapo mambo tunayoweza kuyafanya wenyewe.

Tuwatazame wenzetu wa Mto wa Mbu, wilaya ya Monduli. Mji wao uko kando ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, katika njia iendayo Ngorongoro na Serengeti. Kwa maneno mengine, nao walikuwa watu wa kupitwa kama sisi. Katikati ya miaka ya 1990 ulianza mpango wa utalii wa utamaduni, kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV pamoja na Bodi ya Utalii. Leo mgeni akifika Mto wa Mbu hupelekwa na kijana wa pale pale, kwa miguu au kwa baiskeli, akaona mashamba ya migomba na mpunga, akaonja pombe ya ndizi, akatembelea wachongaji wa vinyago, kisha akala chakula cha mchana nyumbani kwa mwenyeji. Kila hatua ina bei yake, na kila bei ina mtu wa kijiji anayeipokea. Hawakujenga hoteli ya ghorofa. Walipanga tu vile walivyokuwa navyo.

Tuwatazame pia ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja. Kila mwaka mwezi Julai wana sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kila nyumba hupenda kuwa na mgeni siku hizo. Sherehe hiyo haikutungwa kwa ajili ya watalii. Ni ya watu wa Makunduchi wenyewe, na wageni huja kwa sababu ni ya kweli.

Hapo ndipo nataka kusema jambo linalonikera kama mwalimu. Katika shule moja niliyofundisha zamani, siku moja walikuja wageni bila taarifa. Watoto wa darasa la nne walitolewa katika kipindi cha hisabati wakaambiwa wacheze ngoma. Wakacheza juani kwa nusu saa. Wageni wakafurahi, wakagawa peremende na kalamu, wakaondoka. Kuanzia siku ile, kila gari liliposikika njiani nusu ya darasa ilikuwa dirishani, na saa ya kwenda nyumbani watoto walikuwa wakikimbilia magari wakinyoosha mikono. Ilituchukua muda mrefu kuwarudisha katika hali ya zamani. Aliyefaidika siku ile ni aliyewaleta wageni, ambaye bila shaka alikwishalipwa mjini.

Ndugu Mhariri, huo si utalii. Huko ni kumfundisha mtoto kuomba. Ngoma ya watu wazima, iliyopangwa na kijiji, kwa siku inayojulikana na kwa malipo yanayojulikana, ni heshima na ni kazi. Mtoto aliyetolewa darasani ili amchekeshe mgeni ni hasara ya Taifa. Kwa hiyo, katika kila ninalolipendekeza hapa chini, sharti la kwanza ni kwamba mtoto abaki darasani.

Maoni yangu ni haya.

Kwanza, vijiji vya upande huu vikubaliane juu ya sikukuu moja ya mavuno, ifanyike mwezi Juni. Nimeuchagua mwezi huo kwa sababu. Masika yamekwisha, na barabara zetu za udongo zinapitika. Mpunga na mahindi vinavunwa, kwa hiyo chakula kipo. Kiangazi kinaanza, majani yanapungua na wanyama wanaanza kukusanyika penye maji, hivyo wageni wa hifadhini huwa wengi. Na shule ziko likizoni. Pawe na ngoma za Wasagara, Wavidunda na makabila mengine yaishiyo hapa, mashindano ya baiskeli, mpira wa miguu, mapishi, na soko la vitu vya mikono. Hata kama mwaka wa kwanza asije Mzungu hata mmoja, tutakuwa tumefurahi wenyewe, na ndugu zetu walioko Morogoro na Dar es Salaam watapata sababu ya kuja nyumbani. Mtalii si lazima atoke Ulaya.

Pili, tuuze tunachokilima kwa wanaowapokea wageni. Niliwahi kumwuliza msimamizi wa nyumba moja ya wageni kwa nini ananunua nyanya na mayai kutoka mbali ilhali sisi tunavyo. Alinijibu bila kuficha: "Mwalimu, leo mtaniletea matenga mawili, wiki ijayo hamna kitu, na risiti hamna." Sikuwa na la kumjibu. Mkulima mmoja mmoja hawezi kutimiza mahitaji ya kila siku, lakini kikundi kinaweza, kila mmoja akipewa zamu yake ya kupanda na ya kupeleka. Mtaji wa kuanzia upo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha taratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Badala ya vikundi 10 vyote kuomba fedha za kununulia bodaboda, viwili na viombe za kulima mboga kwa ajili ya mahoteli.

Tatu, tuwatumie nyuki. Tembo huogopa nyuki. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, na hapa kwetu upande wa Udzungwa, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anarudi porini. Mkulima anaokoa mahindi yake, na baadaye anapata asali ya kuuza. Zipo kanuni za Serikali za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa waliopata hasara kutokana na wanyama, lakini kila mkulima atakubali kwamba gunia lililoko ghalani ni bora kuliko kifuta jasho. Asali iliyotoka katika shamba linalolindwa na nyuki ni kitu ambacho mgeni atapenda kukiona kwanza, kisha kukinunua.

Nne, tuna historia, nasi tumeikalia. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita katika nchi hizi akiwawekea watemi saini katika mikataba ambayo hawakuielewa. Nchi zenyewe zilikuwa nne: Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitumia mikataba hiyo kutangaza ulinzi wake, na hivyo ndivyo ukoloni wa Kijerumani ulivyoanza Tanganyika. Usagara ni huku kwetu Kilosa! Nawafundisha watoto habari hizo kama mambo ya mbali, kumbe ni ya mababu zao. Mzee anayejua habari za nchi yake akikaa na wageni kwa saa moja chini ya mwembe, akalipwa haki yake, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna simba awezaye kuifanya.

Tano, na hili ndilo la mwisho, hesabu ziwekwe wazi. Miradi mingi ya vijiji imekufa kwa sababu hakuna aliyejua fedha zimekwenda wapi. Mapato ya sikukuu na malipo ya wageni yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, ili hata kizee asiyekuwa na mwana katika kamati ajue kilichoingia na kilichotoka. Bila hivyo, mwaka wa pili kila mtu atabaki kwake.

Najua wapo watakaosema kwamba mwalimu huyu anataka tuache jembe tushike kamera. Sivyo. Mwaka 2019 watalii kutoka nje walioingia nchini walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona wakashuka hadi 620,867. Mwaka 2024 wakapanda hadi 2,141,895. Biashara inayoweza kuanguka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja si ya kuitegemea peke yake. Ndiyo maana nasema tuanzie shambani. Mtalii asipokuja, mboga tutakula, asali tutauza Morogoro, na ngoma tutacheza wenyewe. Akija, atakuta meza imeandaliwa.

Nawaomba viongozi wa wilaya, na wananchi wenzangu wa Mikumi, Ulaya, Malolo, Ruhembe na Vidunda, watoe maoni yao katika ukurasa huu. Kama nimekosea nisahihishwe. Kama nimesema kweli, basi Juni si mbali, na mkutano wa kijiji hauhitaji mfadhili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kisanga, Kilosa.