Watumwa Wasioacha Mila

Sisi watu wa mwambao twapenda sana kusema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wazee huitaja harusini, walimu huitolea insha, na sisi washairi tumeitumia hata imechakaa. Leo nataka kuipindua, ndugu msomaji, nikuulize: mtumwa asiyeacha mila, huyo tumwiteje?

Uko mji mdogo wa pwani kusini mwa Marekani, jimbo la Georgia, uitwao Darien. Wakazi wake hawafiki 2,000. Gatini pake hufungwa mashua za kuvulia kamba, mbele yake ni vinamasi vya maji ya chumvi, na ng'ambo ya vinamasi ni kisiwa cha Sapelo, kinachofikiwa kwa feri. Kwetu vuli ni mvua; kwao ni baridi kuanza kuingia, nyasi za vinamasi zikageuka rangi ya dhahabu, na chaza wakachomwa uani jamaa wameuzunguka moto. Tangu Oktoba hata Januari ndio msimu wa sherehe. Waliohamia miji mikubwa hurudi kwao, kama wetu warudivyo Lamu kwa Maulidi.

Wenyeji weusi wa huko ni vizazi vya watu waliotekwa Afrika ya Magharibi. Miongoni mwao alikuwa Bilali Muhammad, mzaliwa wa Futa Jallon, aliyefikishwa Sapelo mwanzoni mwa karne ya 19. Alikuwa mtu wa chuo. Katika utumwa wake aliandika kwa mkono wake, kwa Kiarabu, kijitabu cha kurasa 13 kuhusu udhu, adhana na sala, sehemu yake ikitokana na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi cha madhehebu ya Maliki. Leo kijitabu hicho kimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia. Vizazi vyake wakawa Wakristo, na herufi zile hawakuweza kuzisoma.

Basi kilibaki nini? Kilibaki kitu cha kutafuna.

Miaka ya 1930 waandishi waliwahoji wazee wa Sapelo, wakasimuliwa habari za bibi mmoja, binti wa Bilali, aliyekuwa akipika kila mwaka siku ile ile. Mchele huoshwa, hukaa na unyevu wake usiku kucha, asubuhi hutwangwa kinuni, hutiwa asali au sukari, na kufinyangwa vidonge bapa kwa mkono. Kisha watoto huitwa, kila mmoja akatiwa chake kiganjani. Jina lake ni saraka. Mswahili hapa hahitaji mkalimani: ni sadaka.

Tazama na usiku wa 31 Desemba. Katika kijiji cha Bolden, karibu na Darien, watu hukesha kanisani kungojea mwaka, kama wazee wao walivyokesha mwaka 1862 wakingojea tangazo la uhuru la 1 Januari 1863. Hapo huzunguka duara, mkono wa kushoto ukielekea katikati, wakiburuta miguu bila kuipishanisha, na mmoja akigonga sakafu kwa fimbo. Mchezo huu huitwa shout. Mtaalamu Lorenzo Dow Turner alionelea kuwa neno hilo latokana na shaut la Kiarabu, yaani mzunguko mmoja wa tawafu. Wako wasiokubali, nami si mwamuzi. Asubuhi huliwa kunde na wali, na mboga iliyo ndugu wa sukuma wiki yetu.

Atatokea wa kuniambia: "Hao ni Wakristo wacheza ngoma, watuhusu nini?" Namjibu hivi. Kilichoandikwa kiliishia maktabani. Kilichotiwa mkononi mwa mtoto kilikumbukwa uzeeni. Hilo latuhusu sana. Siku hizi twatuma pesa kwa simu, mpishi wa kukodi akapika, tukasema sadaka imetoka. Thawabu iko kwa Mungu, simnyimi mtu. Lakini mtoto ameona nini? Ameshika nini?

Tena mkono unaopika wahitaji ua wa kupikia. Mwaka 2023 baraza la wilaya yao liliruhusu nyumba za Hog Hammock, kijiji cha wenyeji wa Sapelo, zizidi maradufu, kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000. Wenyeji wakaogopa matajiri wa kujenga nyumba za likizo, na kodi ya ardhi itakayowashinda. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ikawapa haki ya kuliamua jambo hilo kwa kura. Kabla ya hapo, 19 Oktoba 2024, siku yenyewe ya sherehe yao ya utamaduni, daraja la gati ya feri lilikatika, watu 7 wakafa. Msiba juu ya hofu, na bado wameshikilia kwao.

Wa Lamu na Shela wajua nasema nini. Nyumba ikishauzwa, Maulidi huwa ni kitu cha kutazamwa na mgeni kutoka darini palipokuwa petu.

Wale walinyang'anywa nchi, majina na lugha, wakashika kinu na mchele. Sisi hatukunyang'anywa. Basi Ramadhani ijayo, ewe mama, na wewe baba, roweka mchele usiku, umwamshe mtoto atwange nawe, kisha akipeleke kisahani kwa jirani kwa mikono yake miwili.